Miezi tisa ya kuwauliza wakubwa maswali ya dini na siasa mtandaoni: wapi utajibiwa, wapi utamaliza bando bure

Wadau, nianze na ya usiku mmoja hivi maana ndo yaliyonifanya nikae chini niandike hii riviu. Saa sita kasoro, niko kwenye chumba cha sauti (mtandao siutaji, wenyewe washajijua), mgeni ni msemaji wa chama fulani, mada imeandikwa kwa herufi kubwa MASWALI MAGUMU KUHUSU DINI NA SIASA. Nimenyoosha kile kimkono tangu saa nne. Nimesikiliza watu kumi na kitu, kila anayepewa maiki anaanza kushukuru uongozi wa chumba, anamshukuru mheshimiwa kwa muda wake, anamshukuru aliyemtangulia, anamaliza hajauliza kitu. Zamu yangu ikafika. Nikasema Mheshimiwa shikamoo, umesema chama chenu hakina ubaguzi wa dini, je akija mtu anaomba kugombea kupitia kwenu, hana dini kabisa na kashasema hivyo hadharani, mtampitisha? Kimya, kama sekunde tatu hivi, nasikia tu feni yake inazunguka. Akajibu, sisi tunaheshimu watu wote. Nikafungua mdomo niseme sawa mzee, lakini nimeuliza mtampitisha? na hapohapo naona kimaiki changu kimepigwa mstari, mwendesha chumba anasema asante sana kwa swali zuri, twende kwa mwingine.

Swali zuri, ambalo halijajibiwa, twende kwa mwingine.

Kwa hiyo hii riviu ina kipimo kimoja tu na ntakirudia mpaka mchoke: je, hiyo huduma inakuachia nafasi ya swali la pili? Maana la kwanza kila mkubwa ana jibu lake, kalala nalo, kaandikiwa na watu wake wa mawasiliano, dini ni suala la moyo, mimi ni kiongozi wa wote, tuvumiliane. Hayo majibu ni kama kitasa, yamewekwa mlangoni usiingie. La pili ndo linamkuta hajajiandaa, na hapo ndo unajua kama huo uvumilivu anaousema uko kwake kweli au ni wa kwenye bango. Sijali apu inapendeza vipi, sijali ina rangi gani, swali la pili lipo au halipo.

Tuanze na X, ambayo wengine tutaiita Twitter mpaka tunazikwa japo jina lilibadilishwa Julai 2023. Uzuri wake haupingiki, ni huduma ambayo mtu yeyote asiye na cheo anaweza kumtagi rais, askofu, mufti, waziri, nani sijui, na swali likakaa pale watu wote wanaliona, huhitaji kupita kwa katibu. Nafasi nayo iliongezwa, Novemba 2017 walitoka herufi 140 wakaenda 280, lakini hebu jaribu kuuliza jambo la uhuru wa kuabudu kwa herufi 280 na bado uweke salamu ya heshima, utajikuta umekata salamu, na ukikata salamu mtu mzima anakuona huna adabu, anajibu kukosa adabu kwako badala ya swali. Mimi hiyo imenikuta mara mbili kwenye mtandao wa aina hiyo. Siku hizi naandika salamu peke yake kwanza, afu swali nalibandika chini yake kama uzi, angalau hakuna kisingizio.

Ila kuna kitu kimoja kinachonikera kwenye hii huduma kuliko vyote. Tangu Agosti 2020 mwenye posti anaweza kuchagua nani amjibu, wote, anaowafuata yeye, au aliowataja tu. Nawaelewa walioliomba hili, kuna watu hasa wanawake wanatukanwa mpaka wanaacha kuandika, hao nawapa haki yao. Lakini sasa kuna kundi la wakubwa wanaandika posti ya kusifia mazungumzo na uvumilivu, na majibu wameyafunga. Mtu anakuambia tusikilizane huku kaziba masikio, na hapo chini alama elfu za kupenda.

Na kublokiwa je? Hili Marekani lilifika mahakamani, na nawaeleza kidogo maana watu wengi wanabishana wakiwa hawalijui. Donald Trump akiwa rais aliwapiga bloku watu waliomkosoa, wakashtaki, Mei 2018 jaji wa New York akasema akaunti ile inatumika kwa kazi ya urais kwa hiyo kumfungia mtu nje kwa sababu ya maoni yake ni kuvunja katiba, Julai 2019 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye, halafu Aprili 2021 Mahakama ya Juu ikaifuta ile hukumu kwa kuwa mwenyewe hakuwa rais tena, kesi haina maana. Watu wakabaki hewani mpaka Machi 2024, ndo Mahakama ya Juu ikatoa kipimo kwenye kesi ya meneja wa mji mmoja wa Michigan aliyemblok mkazi, majaji wote wakakubaliana kwamba afisa anahesabika kama serikali kwenye posti zake pale tu anapokuwa na mamlaka ya kweli ya kuisemea serikali na kwenye posti hiyo alikuwa anayatumia. Sasa soma vizuri hapo. Hakuna mahali mahakama ilisema mkubwa lazima akujibu. Ugomvi wote ule wa miaka na miaka ulikuwa ni wa kubaki mlangoni tu, jibu hata halijaguswa.

X nawapa nyota mbili na nusu. Ile nusu ni kwa sababu posti ya zamani haisahau, mtu akikana alichosema kuhusu wafuasi wa dini fulani unamletea maneno yake mwenyewe.

Kabla sijaondoka hapo, mnakumbuka akaunti ya Papa? Benedict XVI alituma ujumbe wake wa kwanza tarehe 12 Desemba 2012, akaunti ikiwa kwa lugha 8, na watu walialikwa kutuma maswali kwa hashitegi ya askpontifex. Maswali yalimiminika kutoka kila pembe, ya kweli, ya kejeli, ya uchungu, mengine yanahusu makosa makubwa ya kanisa. Yaliyojibiwa siku ile ni matatu, ya namna ya kuishi imani katika maisha ya kila siku. Simlaumu yule mzee, alikuwa na miaka 85 na hakuna binadamu angeweza kujibu lile furiko, lakini kama mpima huduma nasema huo ulikuwa ni mtego wa matumaini, unawaambia watu ulizeni halafu unachagua yale ambayo ungeyajibu hata kama hakuna aliyeuliza. Na mtindo huo umebaki, kila kiongozi anayetangaza niulizeni chochote leo anafanya vilevile, tena bila kuwa na miaka 85.

Reddit sasa. Hapa ntakaa kidogo maana ndo huduma iliyokaribia kufanya kazi. Ile niulize chochote yao, mgeni anafungua uzi, watu wanauliza, wasomaji wanapiga kura swali lipande au lishuke, na chini ya kila jibu unaweza kujibu tena, yaani swali la pili limejengwa ndani ya nyumba. Barack Obama alipita pale tarehe 29 Agosti 2012 katikati ya kampeni, akakaa kama nusu saa, akajibu maswali kumi hivi, na mtandao ukazidiwa na watu hadi kurasa zikawa hazifunguki. Kilichonivutia nikiusoma uzi ule siyo majibu yake, majibu ni ya mtu wa kampeni, ni yale maswali ya pili yaliyobaki chini bila kujibiwa. Yapo mpaka kesho. Mtu anauliza, anajibiwa nusu, wa pili anasema lakini hujagusa sehemu hii, wa tatu anaweka ushahidi, na mgeni keshaondoka, ila msomaji wa miaka kumi baadaye anaona pengo lilikuwa wapi. Hiyo ni bora kuliko maiki iliyozimwa, maana maiki ikizimwa hata pengo lenyewe halisikiki.

Mwaka huohuo wa 2012, Februari, muigizaji Woody Harrelson alienda kule kutangaza filamu yake mpya, watu wakamuuliza mengine, akasisitiza wabaki kwenye filamu. Akachekwa, na anachekwa hadi leo. Wanasiasa walijifunza nini hapo? Walijifunza kutokwenda. Na mwaka 2023 mamoda, yaani wasimamizi, wa lile jukwaa wakatangaza kwamba kazi ya kuwatafuta na kuwahakiki mastaa wanaiacha, baada ya mgogoro na kampuni. Walikuwa wanafanya bure, mnakumbuka hilo, bure, wakati thamani inaenda kwingine.

Tatizo lake kwenye dini ni zile kura. Kura inapandisha swali ambalo waliopo wanalipenda, na waliopo siyo dunia nzima. Kama wengi wa waliokaa pale wanaiona dini ni upuuzi, swali la muumini linazama hata kama ni la msingi, na jukwaa likiwa la waumini wa dini moja swali la mwenye dini nyingine linazama vilevile. Kwa hiyo unakuta mkutano mzima wa kujadili uvumilivu, na wachache walionyimwa huo uvumilivu ndo maswali yao yako ukurasa wa mwisho. Nyota tatu na robo. Najua robo haipo kwenye hizi nyota, nimeiweka.

Stika ya maswali ya Instagram, ile iliyokuja Julai 2018, sitakaa nayo sana. Unaandika swali, linaenda kwake, akitaka analiweka kwenye stori na jibu lake, asipotaka hakuna anayejua kama uliuliza. Swali la pili hakuna kabisa, baada ya saa 24 hata la kwanza limeyeyuka. Nawaonya kitu kimoja tu, na hapa siyo utani. Akiliweka kwenye stori jina lako halionekani kwa watu, kwa hiyo wengi wanadhani wameuliza kwa siri, lakini yeye mwenyewe anaona nani kauliza. Kama unaishi mahali ambapo kusema umeacha dini, au una mashaka, au umeoa nje ya dini ni hatari, na sehemu kama hizo ziko nyingi duniani, zingine kuna kesi na kifungo kabisa, usiandike hadithi yako pale ukidhani ni giza. Sheria za data za Ulaya zinaiweka imani ya dini na msimamo wa siasa kwenye kundi la taarifa zinazolindwa zaidi, wao wamejua uzito wake, sisi tunazimwaga kwenye kaboksi ka rangi. Nyota moja.

Halafu kuna zile laivu za YouTube ambapo ukitaka swali lako lionekane unalipia, Super Chat, ipo tangu 2017. Ujumbe wako unapakwa rangi na unabandikwa juu, ukilipa nyingi unaweza kukaa hapo hata masaa matano mazima. Mimi nilidhani ntaichukia, nikaja kugundua ina ukweli fulani, angalau hapa hakuna anayejifanya nafasi ni sawa, umelipa umesikika. Ila kwenye midahalo ya dini inaharibu kabisa, maana anayelipa siyo anayetaka kujua, ni anayetaka kupiga. Nimekaa kwenye laivu moja ya mdahalo wa imani mbili, masaa mawili na nusu, kati ya jumbe za kulipia nilizosoma nne tu ndo zilikuwa na alama ya kuuliza mwishoni na kati ya hizo tatu ni matusi yaliyovaa alama ya kuuliza. Unajua yale, "je, mnajisikiaje kuabudu uongo?" Hilo siyo swali jamani. Msomaji wa jumbe anazisoma zote kwa sauti ileile ya upole, anamshukuru mchangiaji kwa mchango wake, tusi limelipiwa limepata stempu. Nyota moja na nusu.

Huduma iliyonishangaza ni ya Wajerumani, inaitwa abgeordnetenwatch, ipo tangu 2004, ilianza na bunge la Hamburg baadaye ikaenda bunge la taifa. Mimi Kijerumani sijui, nimesoma kwa tafsiri ya mashine, mnisamehe kama kuna kitu nimekosa. Mwananchi anaandika swali kwa mbunge, binadamu wa pale wanalisoma kwanza, likiwa na matusi au chuki au linachungulia maisha binafsi ya mtu halipiti, likipita linachapishwa na mbunge anatumiwa. Akijibu, jibu linakaa chini ya swali. Asipojibu, panakaa peupe.

Ule weupe ndo umeniua. Hakuna kelele, hakuna hashitegi, hakuna mtu anayetukana, ni swali la adabu lenye tarehe na chini yake hakuna kitu, na yeyote anayetafuta jina la huyo mbunge anafika pale anaona. Nilikuta maswali ya dini mengi tu, na kwa sababu ya ule uchujaji watu wamejifunza kuuliza kwa namna nyingine, hawaulizi wewe unaabudu nini, wanauliza ulipiga kura gani kwenye jambo hili linalogusa waumini wa dini hii, na utafanya nini likirudi. Kwanza niliona ni ubanaji, baadaye nikasema aah, kumbe hicho kichujio kinafundisha. Swali la pili unaweza kuandika, kwenye ukurasa uleule. Nyota nne na nusu, na ile nusu nyingine nimeishikilia kwa sababu majibu mengine yanaonekana wazi kabisa yameandikwa na kijana wa ofisini, hata koma zinafanana.

Na hapa ndo inabidi nikiri kitu. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nalaumu mitandao tu wakati maswali yangu mwenyewe yalikuwa mabovu. Nilikuwa nauliza watu wanaamini nini. Kuna mwanasiasa wa Uingereza, Tim Farron, aliongoza chama cha Liberal Democrats, Mkristo wa dhati. Mwaka 2015 kwenye televisheni aliulizwa kama tendo la ndoa la watu wa jinsia moja ni dhambi, akazungukazunguka, sisi sote ni wenye dhambi, akaulizwa tena na tena, na kwenye uchaguzi wa 2017 likarudi kila siku mpaka Juni mwaka huo akajiuzulu akisema imekuwa haiwezekani kwake kuongoza chama na kuishi kama Mkristo mwaminifu. Kuna wanaosema alionewa, kuna wanaosema alikwepa, mimi nasema hapo swali la pili lilikuwepo, la tatu lilikuwepo, hadi la kumi, na bado hatukujua kitu tulichokuwa tunakihitaji, kwamba akipata madaraka sheria atazigusaje. Lilikuwa ni swali moja limeulizwa mara kumi. Kurudia swali siyo swali la pili, nilichukua muda kulielewa hilo.

Na kuna maswali ambayo ubovu uko ndani yake. Mwaka 2008 uvumi ulizagaa kwamba Obama ni Mwislamu, na kila mtu alikuwa anakimbilia kukanusha. Tarehe 19 Oktoba Colin Powell, jenerali mstaafu na mtu wa chama cha upande wa pili, akasema kwenye televisheni kwamba jibu sahihi ni kuwa siyo Mwislamu, ni Mkristo na amekuwa Mkristo siku zote, lakini jibu lililo sahihi zaidi ni, na je angekuwa? Kuna ubaya gani kuwa Mwislamu katika nchi hii? Sekunde chache tu na swali zima likageuka likamtazama aliyeuliza. Tangu nimeisikia hiyo kila nikitaka kutuma swali najiuliza, hili swali langu linasema nini kuhusu watu ambao siwaulizi?

Afu mfano bora kabisa nilioupata hauna hata intaneti. Septemba 12, 1960, Houston, John F. Kennedy anagombea urais na watu wanaogopa Mkatoliki atapokea amri kutoka Roma. Akaenda mwenyewe kwenye mkutano wa wachungaji wa Kiprotestanti, akasoma hotuba, akasema ikifika mahali kazi yake inamlazimisha kuvunja dhamiri yake au kuvunja maslahi ya nchi, ataachia ngazi. Watu wengi wanaikumbuka hotuba. Lakini baada ya hotuba alibaki akajibu maswali yao, palepale, kamera zikiwa zinawaka, wachungaji wanauliza na kufuatilia, anajibu. Hakuna aliyezimiwa maiki. Yale ndo maswali ninayoyataka, hawakuwa wanamuuliza sana moyo wake una nini, walikuwa wanamuuliza siku ile kanisa lako likisema hivi na kazi yako ikisema vile utafanya nini. Huyo jamaa angetagiwa leo angeweza kujibu kwa emoji ya mikono iliyokutana na maisha yakaendelea.

Kitu kingine kilichonisaidia kuboresha maswali, kuna mpango wa Umoja wa Mataifa wa 2012 unaitwa wa Rabat, unaweka vitu sita vya kupima kama maneno yamefikia kiwango cha uchochezi: mazingira, nani kasema, nia yake, yaliyosemwa yenyewe, yamefika kwa watu wangapi, na uwezekano wa madhara kutokea. Umetengenezwa kwa ajili ya mahakama na serikali, lakini mimi nauiba. Mkubwa akisema ovyo kuhusu watu wa imani nyingine na kujitetea kwamba ni maoni yangu, simuulizi kama ana chuki, atakataa, nani atakubali. Namuuliza, ulipoandika hivyo ulijua wiki hiyo kulikuwa na vurugu? ulitegemea nani asome? Maswali ya kitu cha sita yanawauma zaidi, sijui kwa nini. Mmoja alifuta posti nzima bila kunijibu, kimyakimya, nikaiona imepotea asubuhi. Sijui niihesabu kama jibu.

Vyumba vya sauti sijavipa nyota bado, nilikuwa navikwepa. Kiujumla, siyo kile kilichonifanyia vile, sauti ina kitu ambacho maandishi hayana. Ile kimya ya sekunde tatu niliyowaambia mwanzo, kwenye maandishi nisingeipata, na kusema kweli ile kimya ndo ilikuwa jibu pekee nililopewa usiku ule. Lakini mwenye chumba ndo mwenye maiki, na teknolojia nayo ina siku zake, Mei 2023 Ron DeSantis, mwanasiasa wa Marekani, alienda kutangaza kugombea urais kwenye Spaces ya Twitter akiwa na mwenye mtandao mwenyewe na bado sauti ilikatikakatika zaidi ya dakika ishirini. Nyota mbili. Ukienda, nenda na swali fupi, na lile la pili litie humohumo kwenye la kwanza, "ukinijibu kwamba mnaheshimu wote, basi nisaidie, mtampitisha au hamtampitisha?" Nimelijaribu mara mbili, mara moja limefanya kazi.

Ya mwisho mtanicheka. Barua pepe. Ile ya kawaida, anuani ya ofisi iliyo chini kabisa ya tovuti, ambayo sote tunadhani inasomwa na panya. Kuna kiongozi mmoja wa dini, sisemi dini gani wala wapi, alisema kwenye laivu kwamba wao wanavumilia wote. Komenti zangu pale hazikusomwa. Nikamwandikia. Shikamoo mzee wangu, naomba kuuliza, kijana wa nyumba ya ibada yako akihamia dini nyingine, bado ana nafasi kwenye meza ya baba yake? Usinipe maandiko, nayasoma, niambie wewe ungemwambia nini huyo baba akikupigia simu usiku analia.

Siku kumi na tisa kimya. Ya ishirini nikapata mstari mmoja kutoka kwa msaidizi wake, ujumbe umefika, mzee ameusoma, anaomba muda. Nikasema hilo ni lile jibu la kitasa, nikasahau. Wiki tatu mbele ikaja nyingine, ndefu, hii siyo ya msaidizi, makosa ya kuandika yamejaa, herufi kubwa katikati ya neno, inaanza na Marahaba mwanangu. Amenijibu swali. Amenijibu kweli, ametaja kijana, siyo kwa jina, kijana aliyewahi kutokea.

Nikapata nafasi yangu. Nikamuuliza la pili, mzee, hayo uliyomwambia yule baba kwenye simu, unaweza kuyasema hivyohivyo mbele ya watu siku ya ibada?

Akajibu baada ya siku mbili. Mistari minne. Wa nne ulikuwa ni ombi kwamba hayo tuliyoandikiana yabaki kati yetu, na mimi nimemkubalia.

Barua pepe nyota nne. Ya tano nimeitoa kwa sababu hamtaisoma.